Mlima Elgon: Kisiwa cha Baridi Juu ya Mashamba ya Kimilili

Mtu akisimama sokoni Kimilili asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, akaelekeza uso wake kaskazini-magharibi, huuona mlima mpana uliolala kama fahali aliyeshiba. Hauna kuba jeupe la theluji kama Kilimanjaro, wala vilele vya mawe vilivyochongoka kama Mlima Kenya, na kwa sababu hiyo wageni wengi huudhania kuwa kilima kikubwa tu. Hata wenyeji wanaolima chini yake mara nyingi huutazama kwa haja moja, nayo ni kujua kama mvua itanyesha mchana. Ifikapo adhuhuri mawingu huufunika, na mkulima huanua mahindi yake, asiufikirie tena hata kesho.

Huko shuleni watoto husoma habari za visiwa vya Svalbard, vilivyo mbali sana kaskazini ya dunia, mahali ambapo jua halichwi wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi kuu halionekani kabisa. Husoma kwamba mwaka wa 1596 baharia Mholanzi, jina lake Willem Barents, alivifikia visiwa hivyo kwa merikebu, akaipa nchi hiyo jina la Spitsbergen, maana yake milima yenye ncha. Hakuna kabila lililokuwa likiishi huko. Palikuwa na barafu, ndege na wanyama tu. Watoto husoma hayo wakastaajabu, na ni haki yao kustaajabu. Lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba juu ya vichwa vyao wenyewe, mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu, iko nchi nyingine ya baridi ambayo nayo ni kisiwa, ijapokuwa haikuzungukwa na bahari.

Yafaa kwanza kueleza sababu ya baridi hiyo, maana Mlima Elgon uko karibu sana na ikweta. Baridi ya Svalbard hutokana na jua kupita chini sana angani. Baridi ya Elgon hutokana na kimo. Kwa kila mita 1,000 ambazo mtu hupanda, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kimilili iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, kiitwacho Wagagai, kina mita 4,321. Basi mtu aliyeuacha mji kwa shati moja tu atakuta huko juu joto limepungua kwa digrii 15 au zaidi. Mchana jua kali humchoma usoni, na usiku maji yaliyo katika sufuria yake huganda. Katika nchi za kaskazini kiangazi na baridi hupokezana mara moja kwa mwaka. Kileleni Elgon hupokezana kila siku, asubuhi na jioni.

Njia ya kupanda kutoka Kimilili hupita Kapsokwony, kisha hufika kituo cha msitu cha Kaberwa. Mpaka hapo msafiri huwa bado yumo katika nchi anayoijua, yenye mahindi, maharagwe, ndizi na kahawa, na udongo mwekundu wenye rutuba uliotokana na mawe ya moto ya zamani. Baada ya hapo huanza msitu. Humo mna miti mikubwa ya podo na loliondo, na mbega huruka juu yake wakiwa na manyoya yao meusi na meupe. Upande wa mashariki, kuelekea Trans Nzoia, ambako mvua ni haba kidogo, mitarakwa ni mingi. Juu ya msitu wa miti mikubwa hufuata mianzi, ambayo husongamana hata mchana huwa kama magharibi. Kisha mianzi hukoma, miti hupungua kimo, na msafiri hutokeza katika nyika ya majani marefu iliyo wazi kwa upepo. Nyika hiyo ndiyo Chepkitale. Wasabaoti huiita nchi hiyo ya juu mosop, na nchi ya chini yenye joto huiita soi.

Mimea ya huko juu ni ya ajabu. Uko mmea wa jamii ya maua madogo ya bustani ambao Elgon umekuwa mti, mrefu kuliko mtu, na wataalamu huuita Dendrosenecio. Majani yake yakikauka hayaanguki, bali hubaki yakiuzunguka shina, kama mzee aliyejifunika blanketi asipatwe na baridi. Usiku majani mabichi ya kileleni hujikunja kulinda kichipukizi kisigande. Iko pia lobelia, ambayo husimama kama nguzo katikati ya majani mafupi. Mimea ya aina hii haipatikani Kimilili, wala Kitale, wala mahali popote pa chini. Ndugu zake wako Mlima Kenya, Aberdare, Kilimanjaro na Ruwenzori. Baina ya mlima na mlima iko nchi ya joto ambayo mimea hiyo haiwezi kuivuka kwa urahisi, kama vile mkulima asivyoweza kuvuka bahari kwa miguu. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba kilele cha Elgon ni kisiwa.

Tena liko jambo moja linaloviunganisha visiwa hivi na vile vya kaskazini. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, Elgon ukiwa mmojawapo, huota mmea mdogo wenye maua meupe uitwao Arabis alpina. Mmea huo huo huota katika milima ya Ulaya, na hata Svalbard. Mbegu zake zilisafiri zamani sana, zikituama mahali penye baridi, hata zikafika karibu na ikweta. Basi lipo ua ambalo mtu angeweza kulichuma huko juu ya Kimilili, na mwenzake akalichuma katika nchi ya dubu weupe.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika. Wataalamu wa mawe husema kwamba ulianza kutoka ardhini zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, nao ni miongoni mwa volkano za kale kabisa katika Afrika Mashariki. Yaelekea kwamba zamani ulikuwa mrefu kuliko ulivyo sasa. Kisha sehemu ya juu ilididimia, ikaacha shimo kubwa la mviringo, lenye upana wa kadiri ya kilomita 8 kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Vilele vimelizunguka shimo hilo kama mafiga yaliyozunguka moto: Wagagai upande wa Uganda, Sudek wenye takriban mita 4,300 mpakani, Koitobos wenye mita 4,222 upande wa Kenya, na vingine. Katika zama za baridi kuu ya dunia, barafu ilivifunika vilele hivyo na kuteremka mabondeni. Barafu hiyo imekwisha kabisa, lakini vijito vilivyochongwa nayo vimebaki, na vijiwa vidogo vya maji baridi bado viko chini ya Sudek.

Maji ya mlima huo hugawanyika kwa namna ya kustaajabisha. Mto Suam hutoka ndani ya shimo lenyewe, penye chemchemi za maji ya moto, ukapita katika genge refu upande wa mashariki, ukageuka kuwa Turkwel, na mwisho ukaingia Ziwa Turkana, ambalo maji yake hayatoki tena kwenda baharini. Mito ya Kimilili, Kibisi na Kuywa huteremka kusini, ikaingia Nzoia. Nzoia huenda Ziwa Victoria, na kutoka huko maji hushika njia ya Nile mpaka Misri. Basi matone mawili ya mvua yakianguka kileleni, moja likielekea huku na jingine kule, la kwanza laweza kukaukia katika jangwa la Turkana, na la pili likafika Bahari ya Mediterania.

Sasa ni vema kusema juu ya watu waliouvumbua mlima huo, na hapa ndipo Elgon unapotofautiana kabisa na Svalbard. Barents alifika mahali pasipo mtu. Mzungu wa kwanza aliyefika Elgon alikuta watu na ng'ombe wao, tena alikuta mlima una jina. Wabukusu na Wamasaba huuita Masaba, na Wamasaba husimulia kwamba babu yao wa jina hilo alitoka katika pango la mlima. Wakony, Wabok, Wasabiny na Waogiek walikuwa wakijua njia zake, malisho yake, mizinga yake ya asali, na mapango yaliyofaa kwa kujificha wakati wa vita. Hata wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika nchi za jirani wakitafuta pembe za ndovu. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo, Jumbe Kimameta wa Pangani, alifuatana na Mwingereza Joseph Thomson katika sehemu ya safari yake ya mwaka 1883.

Thomson alikuwa kijana Mskochi wa miaka 25, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamasai. Alilifikia ziwa mwezi wa Desemba 1883, na wakati wa kurudi akapita chini ya Elgon upande wa kusini. Hakupanda kileleni. Kilichomshangaza ni mapango makubwa ambamo watu walikuwa wakiishi pamoja na mifugo yao. Aliona kwamba mapango hayo hayangeweza kuwa kazi ya wenyeji aliowakuta, akadhani yalichimbwa na watu wa kale wenye ufundi mkubwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo alimpiga nyati kwa risasi, naye nyati akaamka na kumtupa kwa pembe, hata ikawa lazima wapagazi wamchukue kwa machela. Kama si mabega ya wapagazi hao, habari za mapango ya Elgon zisingalifika Ulaya kwa kinywa chake.

Dhana yake juu ya mapango ilikuwa na kosa, nalo ni kosa la kufundisha. Siku hizi hujulikana kwamba maji yalikula jiwe laini lililo chini ya jiwe gumu, na kwamba jiwe hilo laini lina chumvi. Wenyeji walilichimba na kuwapa ng'ombe wao. Ndovu nao huingia usiku katika pango la Kitum, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha hukwangua ukuta kwa pembe na kula mawe yaliyovunjika. Basi wachimbaji aliowatafuta Thomson katika mataifa makubwa ya kale walikuwa wamesimama mbele yake: mchungaji mwenye shoka, na ndovu.

Baada yake walikuja Frederick Jackson na Ernest Gedge, waliokuwa katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Waliweka kituo chao kwa Nabongo Mumia wa Wanga, wakaenda kaskazini, na mwanzoni mwa mwaka 1890 walipanda mlima na kuingia katika shimo la kileleni. Wao ndio Wazungu wa kwanza kuandika habari za mahali hapo, na kimoja cha vilele kikapewa jina la Jackson. Lakini safari hiyo ilikuwa na gharama. Wakati Jackson alipokuwa mbali, Mjerumani Carl Peters alifika kwa Mumia, akazifungua barua zilizokuwa zikimngoja Jackson kutoka Buganda, akazisoma, akafanya haraka kwenda kwa Kabaka Mwanga na kutia naye sahihi mkataba. Mkataba huo haukudumu, kwa kuwa mwezi wa Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana, Ujerumani ikaiacha Uganda, na pamoja na mengine ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini. Ndivyo nchi zilivyogawanywa siku hizo, na wenyeji wa mlima hawakuulizwa neno.

Mwaka wa 1895 ulileta msiba mkubwa. Askari wa Serikali, pamoja na wasaidizi wao, walipigana na Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, na Wabukusu wengi waliuawa. Bwana C. W. Hobley, aliyehusika na vita hivyo, ndiye aliyefanya safari ya kuuzunguka mlima wote mwaka uliofuata, 1896, akaandika habari zake kwa wanajiografia wa London. Alipoandika jina la mlima aliweka majina mawili, Masawa na Elgon. Mwaka wa 1911 Waaustria wawili, Rudolf Kmunke na Robert Stigler, walifika juu ya Wagagai. Majina yao yamo vitabuni. Ni vigumu kuyakuta humo majina ya watu waliowaonyesha njia na kuwabebea mizigo katika baridi ile, wengine wakiwa na nguo nyepesi na miguu mitupu.

Msomaji asifikiri kwamba kazi ya wasafiri hao ilikuwa bure. Walipima vimo, walichora mito, walikusanya mimea, na leo mwalimu wa Kimilili aweza kuonyesha mlima wake katika ramani kwa sababu ya kazi kama hiyo. Lakini kupima ni jambo moja, na kutunza ni jingine. Aliyepima hukaa wiki chache akaenda zake. Anayetunza, au anayeharibu, ni yule anayebaki.

Serikali za nchi mbili zimejaribu kuutunza kwa sheria. Mwaka wa 1968 Kenya ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa mashariki, yenye kilomita za mraba 169, na pango la Kitum limo ndani yake. Uganda nayo ilifanya hifadhi yake katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2000 nyika ya Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi, na hapo ikazuka kesi nzito, maana Waogiek walikuwa wakiishi huko na kulisha huko tangu mababu. Walisema kwamba wao ndio waliouweka msitu ule hai, na wamejiandikia kanuni zao wenyewe zinazokataza kuchoma makaa na kulima mashamba ya biashara. Mwezi wa Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma ilitoa hukumu kwamba Chepkitale ni ardhi yao ya asili. Hivyo, baada ya miaka zaidi ya mia ya kuitwa nchi iliyovumbuliwa na wageni, nyika ile ilitambuliwa mbele ya sheria kuwa ina wenyewe.

Hata hivyo haki huenda pamoja na wajibu, na wajibu huo haukomei kwa Waogiek. Mkulima wa Kimilili asiyepata kukanyaga Chepkitale hata siku moja bado hunywa maji yake. Msitu na nyika huipokea mvua kama sifongo na kuiachilia kidogo kidogo, hata mto hutiririka mwezi wa Januari wakati mashamba ni makavu. Miti ikikatwa, mvua ile ile huteremka kwa siku moja, ikachukua udongo mwekundu mpaka Nzoia, na watu wa Budalangi, walio mbali mwishoni mwa mto, hupatwa na mafuriko kwa mvua ambayo hawakuiona ikinyesha. Na upande wa Uganda, ambako miteremko ni mikali na watu ni wengi, jambo baya zaidi limekwisha kutokea. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka katika wilaya ya Bududa, ukakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na watu wengi. Mvua kubwa na mteremko ni kazi ya Mungu; kung'oa miti iliyoshika udongo ni kazi ya jembe na panga.

Yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila kungoja amri. Mwenye shamba kando ya mto aweza kuacha ukanda wa miti na majani, asilime mpaka majini. Mwenye shamba mtelemkoni aweza kulima kwa kukingama, na kupanda majani ya ng'ombe katika kingo za matuta. Aliyepewa kipande katika msitu wa Serikali apande mahindi kati ya miche aweza kuipalilia miche hiyo kwa moyo ule ule anaopalilia nao mahindi, asiikate mizizi kisirisiri ili shamba lisifungwe. Na mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake juu ya Kaberwa, wakauone mlima walioletewa habari zake na vitabu vya wageni.

Barents alipoondoka Spitsbergen hakuwaacha watu nyuma yake. Thomson, Jackson na Hobley walipoondoka Elgon waliwaacha watu, na wajukuu wa watu hao ndio wanaoanua mahindi leo adhuhuri mawingu yanapopanda. Kisiwa kile cha baridi ni chao, na maji yake ni yao. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mlima, ukishaporomoka, hakuna fundi awezaye kuujenga.